Sindano ya homa ya mafua kwa mtoto: namna ya kuamua ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi

Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya chanjo ambazo mtoto hupewa bure kliniki nchini Kenya. Ndiyo sababu mzazi huachiwa uamuzi peke yake. Sista wa kliniki ya serikali haitaji, halafu siku moja daktari wa hospitali ya kibinafsi anaitaja, na bei yake inashindana na unga, kodi ya nyumba na karo.

Tuseme msimamo wetu mapema. Mtoto wa miezi 6 hadi 23, au mtoto wa miezi 6 kwenda juu mwenye ugonjwa wa kudumu, apewe iwapo familia inaweza kulipia dozi zote za mara ya kwanza, ambazo kwa wengi ni mbili. Mtoto wa miaka 5 kwenda juu mwenye afya njema, chanjo inamfaa, lakini mzazi asiyemudu hajafanya kosa. Na mtoto ambaye bado ana pengo katika chanjo za bure, hilo pengo lizibwe kwanza.

Anza na kijitabu

Toa Kijitabu cha Mama na Mtoto ufungue ukurasa wa chanjo. Angalia kama sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zote zimeandikwa tarehe. Ndizo zenye kinga ya kifaduro na ya bakteria wakuu wa nimonia. Angalia surua na rubela, ambayo huja mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika zaidi, kwa sababu mtoto anatembea, anakula ugali, na mama amesharudi kazini. Katika maeneo ya Ziwa na Magharibi yanayotoa chanjo ya malaria, dozi zake za kwanza huanza miezi 6, 7 na 9.

Hizi zote ni bure katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, na magonjwa zinayoyazuia yanaua. Kulipia sindano ya mafua huku mtoto hajapata surua ya pili ni kufunga dirisha na kuacha mlango wazi. Pengo likiwepo, nenda kliniki hata kama umechelewa. Dozi nyingi bado zitaweza kutolewa, na hakuna haja ya kuanza upya.

Mafua yepi tunayoyazungumzia

Mafua ya kawaida huja polepole: pua inatiririka, mtoto anapiga chafya, joto ni dogo au halipo, na baada ya siku chache amesahau. Chanjo hii haiyazuii hayo. Homa ya mafua yenyewe, inayoletwa na virusi vya influenza, huanza ghafla. Asubuhi mtoto anacheza, jioni anawaka moto, anakohoa kikohozi kikavu, analia akiguswa kwa sababu mwili wote unauma, na hataki kula. Watoto wadogo wanaweza pia kutapika na kuhara. Wengi hupona ndani ya wiki moja. Wachache wanapata nimonia, na wachache hao wengi wao ni walio chini ya miaka miwili au wenye ugonjwa mwingine mwilini.

Huku kwetu virusi hivi si vigeni. Mwaka 2009, kirusi kipya cha H1N1 (mafua ya nguruwe) kilipoingia Kenya, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa Kisumu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba yenye kituo kikubwa Kisian karibu na Kisumu, wamefuatilia mafua haya kwa miaka mingi, ikiwemo katika hospitali ya misheni ya Lwak huko Asembo, Kaunti ya Siaya. Kutokana na ufuatiliaji wa aina hiyo nchini, inajulikana kwamba Kenya haina msimu mmoja wa mafua kama Ulaya. Virusi huzunguka mwaka mzima, na mara nyingi hupanda Februari na Machi, kisha tena kati ya Julai na Novemba. Kwa hiyo usingojee baridi ya Julai ikufikie Nakuru ndipo uanze kuulizia.

Mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri Wizara ya Afya kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chanjo hii. Nakuru na Mombasa baadaye zikawa kaunti za majaribio ya kuitoa kwa watoto wa umri huo. Kwa hiyo daktari anayekutajia hajabuni biashara. Tofauti iko kwenye pesa: pendekezo lipo, lakini gharama bado iko kwa mzazi.

Mtoto gani atangulie

Kundi la kwanza ni lile la miezi 6 hadi 23 tulilolitaja. Mtoto chini ya miezi 6 hapewi kabisa. Kwa bahati mbaya ndiye aliye hatarini kuliko wote. Yeye analindwa kupitia wengine: mama akichanjwa akiwa mjamzito, kinga hupita kwa mtoto kabla hajazaliwa, na ndugu zake wakubwa na yaya wakichanjwa, kirusi kinakosa njia ya kuingia nyumbani. Ukiwa na kichanga na mtoto wa miaka mitatu anayekwenda shule ya chekechea, pesa zikitosha mmoja tu, mchanje huyo wa chekechea. Huko ndiko mafua yanakotoka.

Kundi la pili ni watoto wenye ugonjwa wa kudumu, na hapa eneo letu lina jambo lake. Ugonjwa wa selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi) umeenea katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega na Vihiga kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto wa selimundu akipata homa ya mafua, anaweza kuingia katika maumivu makali ya mifupa au tatizo la kifua linalohitaji oksijeni. Huyu apewe chanjo kila mwaka. Lakini isichukue nafasi ya penisilini ya kila siku, dawa ya kuzuia malaria wala chanjo ya nimonia. Chanjo ya mafua inaongezwa juu ya hizo, haiondoi hata moja.

Wengine wa kundi hili ni wenye pumu, matatizo ya moyo ya kuzaliwa nayo, ugonjwa wa figo au kisukari, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye utapiamlo, na wale ambao misuli au ubongo una tatizo kiasi kwamba hawawezi kukohoa vizuri. Mtoto aliyezaliwa njiti naye ahesabiwe humu kwa miaka yake miwili ya kwanza. Umri wa njiti kwa chanjo hii huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, si tangu siku aliyotarajiwa.

Kwa mtoto wa darasa la tatu anayekimbia na kula vizuri, amua kwa mfuko wako na kwa hali ya nyumba. Kama nyumbani kuna bibi mzee, mama mjamzito au mtoto wa selimundu, mizani inainama upande wa kuchanja.

Nani asipewe, na nani azuiliwe kwa muda? Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya dozi ya chanjo hii, yaani kuvimba uso, kushindwa kupumua au kuzirai, asirudie bila daktari bingwa. Mtoto mwenye homa kali au anayeumwa sana leo, asubiri apone. Kamasi tu si sababu ya kurudi nyumbani. Mzio wa mayai, ambao zamani ulizuia watoto wengi, sasa hauchukuliwi kuwa kizuizi. Mwambie tu daktari ili mtoto achanjwe mahali penye vifaa vya dharura.

Hesabu ya dozi, ambayo wengi hukosea

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 anayechanjwa kwa mara ya kwanza maishani anahitaji dozi mbili, zikitengana wiki 4 au zaidi. Mwili wake haujawahi kuviona virusi hivi. Dozi ya kwanza inaufundisha, ya pili ndiyo inayojenga kinga ya kutegemewa. Mzazi anayelipia moja na kuishia hapo amenunua kinga hafifu, kwa hiyo panga bei ya dozi mbili kabla ya kuanza. Ukipitisha wiki 4 kwa sababu ya safari au pesa, usianze upya: peleka mtoto siku utakayoweza.

Kinga huchukua takriban wiki 2 kukamilika baada ya dozi. Jumlisha: wiki 4 za kungoja dozi ya pili, wiki 2 za kungoja kinga. Ni wiki 6 tangu siku ya kwanza. Ukitaka mtoto awe tayari kufikia Julai, dozi ya kwanza ipatikane katikati ya Mei.

Miaka inayofuata ni dozi moja tu kwa mwaka, na mtoto anayeanza akiwa na miaka 9 au zaidi hupewa moja tangu mwanzo. Inarudiwa kila mwaka kwa sababu mbili: kinga hupungua kadiri miezi inavyopita, na virusi hubadilika. Shirika la Afya Duniani huchagua aina za virusi za kuwekwa katika chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa nchi za kusini.

Kwa uchaguzi huo wa mara mbili, boksi unaloonyeshwa linaweza kuwa la kaskazini au la kusini. La kaskazini huandikwa miaka miwili, mfano 2025/2026. La kusini huandikwa mwaka mmoja. Lililo muhimu kwako ni kwamba ni la msimu wa sasa na tarehe ya mwisho haijapita. Chanjo hii haikai miaka kwenye rafu kama dawa ya kikohozi.

Kupiga simu kabla ya kupanda matatu

Si kila hospitali ya kibinafsi huwa nayo kila mwezi, na kituo cha serikali huenda kisiwe nayo kabisa. Piga simu, uliza haya kabla hujalipa nauli kutoka Ahero, Mumias au Molo:

Je, chanjo ya homa ya mafua ipo leo, na ni ya msimu upi?
Inaruhusiwa kuanzia miezi 6, au ni ya watu wazima tu?
Bei ni ya sindano peke yake, au kuna pesa ya kumwona daktari na ya kudungwa?
Baada ya wiki 4 mtakuwa nayo ya dozi ya pili?
Bima yangu inalipia? (Jibu lipate kutoka kwa bima yenyewe pia.)

Swali la nne ndilo linalookoa mzazi. Kituo kikiishiwa, uliza jina la chanjo iliyotumika ili uitafute kwingine. Ikikosekana ile ile, chanjo nyingine ya mafua ya msimu huo inayofaa umri wa mtoto inaweza kukamilisha dozi ya pili.

Usinunue kichupa kwenye kemisti ukakibeba mkononi kumpelekea nesi. Chanjo hii lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi kwenye paja la mtoto. Jua la mchana la Kisumu linaiharibu, na ukidhani utaiokoa kwa kuilaza juu ya barafu kwenye mfuko wa plastiki, ikiganda imeharibika vilevile. Mbaya zaidi, iliyoharibika huwezi kuitambua kwa macho. Chanjwa mahali chanjo inapohifadhiwa, penye friji lenye kipimajoto na umeme wa akiba.

Siku yenyewe

Mnyonyeshe au mlishe kama kawaida. Usimpe panadol kabla ya sindano ili kuzuia homa. Ngoja uone kama ataihitaji. Mvalishe nguo inayofunguka paja haraka. Beba kijitabu.

Ukifika, sema kwa heshima: "Sista, naomba nione boksi kabla hujafungua." Hakuna muuguzi mzuri atakayekasirika. Soma jina, msimu, tarehe ya mwisho, na umri. Aina nyingi za sasa hutoa mililita 0.5 kwa mtoto wa miezi 6 sawa na kwa mtu mzima, lakini zipo zinazotumia 0.25 kwa walio chini ya miaka 3. Kipimo sahihi ni kile cha maelezo ya aina hiyo, hivyo usishtuke ukiona sindano ya mtoto wa jirani ilikuwa tofauti.

Mtoto mdogo hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa mbele kuelekea nje. Mkubwa kwenye bega. Mpakate kifuani, mguu mmoja ukiubana katikati ya mapaja yako, mkono wako ukishika goti lake. Mtoto anayerusha mguu ndiye anayeumia. Mnyonyeshe wakati wa kudungwa kama bado ananyonya. Inapunguza maumivu kwelikweli. Siku hiyo hiyo anaweza kupata chanjo nyingine za kliniki, kwenye mguu mwingine.

Hakikisha kijitabuni imeandikwa tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo na kama ni dozi ya kwanza au ya pili. Hospitali ya kibinafsi utakayoenda mwaka ujao haitaona rekodi za hii ya leo. Kisha kaeni hapo hapo dakika 15 hadi 30. Mzio mkali ni nadra sana, takriban mara moja kwa kila dozi milioni moja, lakini ukitokea huanza mapema, na dawa yake ipo hospitalini, haiko stendi ya matatu.

Siku mbili zinazofuata

Paja kuuma na kuwa jekundu, mtoto kuwa mnyonge, joto kupanda kidogo: hayo ni ya kawaida na huisha ndani ya siku 1 au 2. Sindano haiwezi kumpa mtoto homa ya mafua, kwa sababu virusi vilivyomo vimeuawa na kuvunjwavunjwa. Akianza kukohoa baada ya siku tatu, ameambukizwa kikohozi kingine au aliambukizwa kabla kinga haijakomaa.

Akisumbuka, mpe paracetamol kwa uzito, si kwa umri: miligramu 15 kwa kila kilo moja. Dawa ya maji inayouzwa sana ni ya miligramu 120 katika mililita 5. Mtoto wa kilo 8 anapata mililita 5. Wa kilo 10, mililita 6. Wa kilo 12, mililita 7.5. Pengo liwe saa 6, na isizidi mara 4 kwa siku. Tumia sirinji ya kupimia kutoka kemisti, kwani kijiko cha chai cha nyumba moja si sawa na cha nyumba nyingine. Soma chupa kila mara: dawa za matone zina nguvu mara nyingi zaidi, na dawa nyingi za mafua tayari zina paracetamol ndani, kwa hiyo ukichanganya mbili umempa dozi maradufu. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Sasa lile ambalo kwa watu wa Ziwa na Magharibi ni kubwa kuliko sindano yenyewe. Homa isiyoisha baada ya siku 2, au inayopanda sana hata siku ya kwanza, isisingiziwe chanjo. Ni malaria mpaka kipimo kiseme si malaria. Mpeleke apimwe damu siku hiyo. Familia za Nakuru zijihadhari hasa baada ya Krismasi: mji wao una malaria kidogo, lakini mtoto aliyelala wiki mbili ushago Butere au Bondo anarudi nayo, na homa inaweza kuanza wiki chache baadaye. Kwa mtoto wa selimundu sheria ni kali zaidi: homa yoyote ni dharura, aende hospitali bila kungoja kesho, awe amechanjwa au hakuchanjwa.

Chanjo inakupa nini hasa

Katika mwaka ambao virusi vilivyochaguliwa vimelingana na vinavyozunguka, chanjo hupunguza kwa asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa kuugua kiasi cha kumwona daktari. Maana yake, kati ya watoto 10 ambao wangeugua hivyo, 4 hadi 6 hawataugua. Wengine wataugua, ingawa mara nyingi kwa wepesi zaidi. Mwaka ambao havikulingana, kinga hushuka. Ukiambiwa mtoto hatapata tena mafua, umedanganywa.

Kwa hiyo, amechanjwa au la, kila mzazi ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya, funua kifua na tumbo, weka saa ya simu dakika moja kamili, uhesabu kila tumbo linapopanda. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 4, ni 40 au zaidi. Ikizidi, rudia kuhesabu ili uhakikishe, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo. Usimpitishe kemisti kununua amoksilini kwa kukisia. Dawa hiyo haiui kirusi, na kama ni nimonia ya bakteria inahitaji kipimo sahihi kutoka kwa aliyemsikiliza kifua.

Nenda hospitali usiku huo huo, hata kwa kukodi boda, ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, midomo imekuwa ya kijivu au bluu, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au analala kiasi kwamba haamki vizuri. Akiwa na ugonjwa wa kudumu na homa imeanza ghafla, muulize daktari kuhusu dawa ya kupunguza makali ya virusi iitwayo oseltamivir. Hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za kwanza, kwa hiyo taja saa homa ilipoanza mara tu unapofika mapokezi.